Tafsiri za Dokta Wanga

Watu wa mtaa wetu wamepungukiwa na mambo mengi, lakini la kwanza ni aibu. Wangekuwa nayo wasingebeba majibu yao ya hospitali kuyapeleka kwa dobi awaeleze maana yake. Wala wasingemwita Dokta, wakampa kiti cha mbele kwenye kila msiba na kila harusi, wakanyamaza kimya anapokohoa kabla ya kusema. Cherehani yangu inatazamana na kibanda chake miaka yote hii, katikati ni kijia tu. Kwa hiyo nikisema namjua yule mzee, namjua.

Alianza kwa kufua mashuka hospitalini. Hilo simlaumu, kazi ni kazi, na mashuka ya wagonjwa lazima yafuliwe na mtu. Alikuwa chumba cha nyuma, kwenye mapipa ya maji ya moto na mashine moja iliyokuwa ikitetemeka mpaka inahama mahali pake. Madaktari walipitia pale kuchukua makoti yao huku wanasemezana, naye akawa anadaka neno hapa na neno pale kama mtu anayeokota vifungo. Hakuna aliyemwambia kifungo kipi ni cha nguo ipi, na yeye hakuuliza. Hospitali ilipoleta mashine mpya wakampunguza kazini, akatoka na pasi mbili za mkaa, koti jeupe ambalo mwenyewe hakulirudia, na hayo maneno yake.

Koti analivaa mpaka leo. Analivaa akiwa amesimama nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, ndoo ya wanga miguuni, mashati ya watu wa ofisini yananing'inia juu ya kichwa chake yamekauka kakaka. Kwenye kupiga pasi, nisiseme uongo, hana mpinzani. Balaa ni kwamba ukimpelekea suruali anakuvuta kope, anakuambia utoe ulimi, halafu anakuambia upunguze wanga. Kwake yeye kila ugonjwa ulianzia kwenye wanga. Mguu unauma, ni wanga. Usingizi hauji, ni wanga. Bibi mmoja alidhani anaonywa kuhusu wachawi, akahama nyumba. Watoto ndio walioanza kumwita Dokta Wanga kwa utani, naye akalipokea jina kwa heshima zote, kana kwamba amevalishwa joho.

Na uchafu aliowahi kuutafsiri, wee acha tu. Seremala wa pembeni alipima damu, akaambiwa majibu yake ni hasi, maana yake hawakuona ugonjwa, basi, angerudi kwake akale alale. Akapitia kwa dobi. Dokta Wanga akamvuta kando, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hasi ni lile neno linalotumika kwa mafahali, na kwamba wenzetu wa hospitali huwa hawamwambii mtu mambo hayo kwa uwazi, wanamwita tu siku nyingine na kumfungia mlango. Seremala hakukanyaga kliniki tena. Mkewe anasema mwezi mzima mwenzake alilala na suruali na mkanda.

Huyo tulimcheka. Muuza mkate wa kona hatukuweza kumcheka. Alifiwa na mumewe, akawa haamki, haogi, chakula kinapelekwa kinarudi kama kilivyo. Mshauri wa hospitali akasema yule mama ana sonona, aletwe kila wiki wazungumze naye na apewe dawa. Ndugu zake, watu wazima wenye ndevu, wakaona kwanza wakaulize kwa dobi. Akawaambia sonona ni kununa, ila ni kununa kwa watu wenye bima. Akawaambia pia kwamba ukisikia tatizo lako ni la kisaikolojia, hapo unaambiwa kwa adabu kwamba huna tatizo. Wakacheka, wakamshukuru, wakaacha kumpeleka. Leo mkate unauzwa na mtu mwingine, na yule mama ukimsalimia anaangalia ukuta.

Basi kwa mkosi wetu, mdogo wangu akaolewa na mtoto wa huyo huyo Dokta Wanga. Shemeji ni fundi simu, kijana mpole, msafi, hana neno na mtu, na mimi niliyataka hayo kwa mdogo wangu. Sikujua kwamba upole ukizidi mtu anakuwa hana tofauti na mto wa kochi. Walipewa chumba nyuma ya kibanda, ukuta mmoja na meza ya pasi, mvuke unaingia hadi kitandani. Mimba ilipoingia, Dokta Wanga akatangaza mtaa mzima kwamba mkwewe yuko chini ya uangalizi wake. Na kweli, kila siku ya kliniki alifunga kibanda, akavaa koti, akaandamana naye. Watu wakasema jamani, mkwe wa namna hii utampata wapi.

Mwezi wa nane wa mimba miguu ikaanza kumvimba mdogo wangu, viatu vikamkataa. Kichwa kikawa kinamuuma kutwa. Nesi alimpima, akasema presha iko juu na mkojo una protini, akampa dawa, akamwambia arudi baada ya siku chache bila kukosa, na akiona kichwa kinazidi au macho yanaona vimulimuli asisubiri hata hiyo siku.

Hayo yote Dokta Wanga aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, akayaleta nyumbani yamegeuzwa nje ndani kama shati linaloanikwa. Presha, akasema, ni kwa sababu watu wanampa presha. Akapiga marufuku mtu kumkera. Redio ikazimwa, mama mkwe akaambiwa asimwamrishe kitu, shemeji akaambiwa akirudi kazini asimsimulie habari za deni wala za wateja wakorofi. Na ile protini kwenye mkojo, akasema, ni ziada, mwili umeshiba unamwaga. Akamkataza maharage na mayai. Vidonge akasema asimeze vyote, kwa sababu presha inayopanda ukiishusha sana inakuwa ya kushuka, na ya kushuka ndiyo mbaya. Mdogo wangu akawa anameza nusu. Nilipogundua nilimfokea, naye akanijibu kwa unyonge kwamba baba ndiye anayejua mambo ya hospitali.

Baba. Mtu aliyefua mashuka.

Waliporudi kliniki, nesi hakuzunguka. Alipima mara mbili, akasema hii inaelekea kuwa kifafa cha mimba, mama alazwe leo hii. Mtu mwingine yeyote angeuliza hicho ni nini. Dokta Wanga hakuuliza, kwa sababu ana neno lake la kifafa, alilidaka tangu zamani, na mtu akishakuwa na neno lake ataomba la nini kwa mwenzake. Alisimama, akakung'uta koti, akamwambia mkwewe anyanyuke waende nyumbani. Alipofika hakufungua hata kibanda. Alituma watu waje kwetu, wamwite mama yangu na wazee wa upande wetu, kuna jambo la aibu.

Mdogo wangu alinipigia simu mimi. Aliongea polepole, ulimi mzito. "Dada, wanasema nina kifafa, na kwamba nyie mlijua mkanificha."

Nilikwenda nikawakuta wamejaa sebuleni. Upande wao kwenye makochi, upande wetu kwenye viti vya plastiki, na mdogo wangu amewekwa kona, miguu ndani ya beseni la maji, taa imemwumiza macho amejifunika kitambaa. Dokta Wanga alikuwa anaeleza. Kifafa ni kifafa, alisema, hakuna cha mimba wala cha harusi. Wanasema cha mimba kwa sababu mimba ndiyo imekifichua. Ugonjwa huu uko kwenye damu, na damu ya upande wake ni safi mpaka kwa babu wa babu. Ndoa ilifungwa kwa udanganyifu. Mtoto akizaliwa, itabidi kwanza aangaliwe kama anaanguka, ndipo waamue ni wa nani.

Sasa ungetegemea mama yangu aseme jamani, nesi kasema mtoto wangu alazwe, mbona tumekaa. Wapi. Mama yangu alifungua mkoba, akatoa leso, akafuta jasho, akaanza kutetea ukoo. Kwetu hakuna kifafa. Kwetu hajaanguka mtu. Kama ni kuanguka, mkwe, si yuko mdogo wako aliyeanguka mtaroni mchana kweupe? Yule ni pombe, akajibiwa. Pombe kila siku? Basi ikawa ndiyo shughuli. Wazima waliletwa, marehemu wakafukuliwa mmoja mmoja wakaulizwa kama waliwahi kutoa povu. Niliwatazama wale wazee wenye mvi, wakinyoosheana vidole kuhusu mashangazi waliokufa zamani, na mwenye mwili wake kakaa pale anaona vimulimuli. Nikawadharau wote, wa kwao na wa kwetu, mama yangu mzazi akiwemo. Shemeji alikuwa ameshika kikombe cha chai kimepoa, anakizungusha.

Mimi sikujua kifafa cha mimba ni nini. Nawaambia wazi, sikujua hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni miguu na mdomo, nikaenda kliniki kuuliza. Nilimkuta nesi anafunga dirisha. Nilipomtajia mdogo wangu alishika kichwa. Akaniambia si kile kifafa cha watu kuanguka barabarani, hakihusiani nacho, ni jina tu limefanana. Ni presha ya ujauzito imepanda mpaka inafika kwenye ubongo, inamletea degedege, inaua mama na inaua mtoto. Hakirithiwi kwa ukoo kama wanavyosema wala hakiambukizi. Akaniuliza mgonjwa yuko wodi gani. Nikamwambia yuko sebuleni, kuna kikao. Yule nesi alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, kisha akasema, "Kimbia."

Nilikimbia. Nilifungua mlango nikawaambia maneno ya nesi kama nilivyopewa, sikuongeza hata moja, nikamwambia mdogo wangu asimame twende. Dokta Wanga akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye pasi. Akasema yule ni nesi wa cheti, kazi yake ni kupima na kuandika, mambo ya fani yana watu wake. Akasema nikae nisiwe na jazba, nitampa mgonjwa presha. Na wazee wetu wakaitikia, eti nikae, Dokta anaongea.

Hapo hapo mdogo wangu akakakamaa. Beseni likapinduka, maji yakasambaa zuliani, akadondoka ubavu, mikono imejikunja, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mtu mzima yeyote angemrukia. Lakini Dokta Wanga alinyanyua mkono akasema, "Msimguse. Mate yake yakikupata na wewe unacho."

Na hawakumgusa. Sebule nzima ilirudi nyuma, makochi kwa viti. Mama mkwe alipandisha miguu yake juu ya kochi. Shemeji, mume wake aliyelala naye kitanda kimoja usiku uliopita, alisimama ukutani amekumbatia kikombe. Nilipiga magoti kwenye maji nikamlaza kwa upande, nikamfuta kwa gauni langu, nikawatukana. Niliyosema siyarudii hapa, lakini hakuna hata neno moja lililohitaji mtafsiri. Mama yangu ndiye alikuja wa kwanza, analia. Tulimbeba sisi wawili mpaka kwa jirani mwenye teksi, na jirani akawasha gari bila kuuliza nauli.

Hospitalini walimpokea mbio. Dawa, sindano, kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, tukaambiwa anafanyiwa upasuaji. Wengine wakatufuata nyuma, wakajaa kwenye mabenchi ya korido. Dokta Wanga alikuja na koti. Mfagizi akampisha njia, mgonjwa mmoja akamwamkia dokta shikamoo, naye akaitikia marahaba. Aliketi katikati, akawaeleza watu kwamba upasuaji maana yake wamekubaliana na yeye kwamba tatizo lilikuwa mimba. Nilikuwa nimechoka hata kumtemea mate.

Daktari alitoka baada ya muda mrefu. Kijana, barakoa imeshuka kidevuni, hakumtazama mtu, aliongea na ukuta ulio juu ya vichwa vyetu. Wale nao wana kibri chao, mdomo wenyewe unaujua Kiswahili lakini wanaona ukitumika kwa wagonjwa utachafuka. Alisema, "Mama yuko stebo. Mtoto tumejitahidi, lakini ametoka hana vaito saini. Poleni." Akageuka akarudi ndani. Lile poleni halikumshtua mtu, kwa sababu hospitalini pole unapewa hata ukiuliza choo.

Sasa tazama watu. Baada ya yote yale, baada ya beseni na povu, korido nzima iligeuka ikamtazama dobi. Mama yangu naye aligeuka. Nyuso zote zikamsubiri, naye akakohoa.

"Stebo ni salama," akasema. "Mama mzima. Mtoto ndiye hana saini. Vaito ni kitu cha lazima, yaani ametoka lakini kuna saini ya lazima haijawekwa. Ni mambo ya utawala hayo, wasipopata saini ya baba hawamkabidhi." Akamgeukia mwanawe. "Nenda kasaini."

Shemeji akanyanyuka. Sijawahi kumwona mtu anakwenda kwa furaha namna ile. Alikuwa amekaa muda wote kichwa chini, hana la kufanya, na sasa amepewa kazi ya baba. Akajipapasa mifukoni akatafuta kalamu, akakosa, mama yake akampa. Akaenda dirisha la kwanza, wakamwelekeza la pili, nikamwona anainama kwenye kioo anaeleza kwa mikono.

Mimi nikaenda mlangoni nikagonga. Muuguzi mmoja mtu mzima akafungua, nikamuuliza kile kile nilichomuuliza mwenzake mchana, kwamba neno hili maana yake nini. Akaniuliza neno gani. Nikamwambia vaito saini. Akanishika mkono kwanza. Akasema ni dalili za uhai, mama, moyo kupiga, pumzi, joto la mwili. Mtoto alitoka hana hata moja. Alikuwa wa kiume, na angefikishwa mapema kidogo tu, akasema, halafu akaacha hapo.

Nilirudi kwenye benchi. Mama yangu na mama mkwe walikuwa wamepatana, wanabishania jina. Mmoja anataka la babu wa huku, mwingine la babu wa kule. Dokta Wanga alikuwa amekunja nne, anamweleza mtu wa benchi la jirani jinsi alivyomwokoa mkwewe kwa kuzuia watu wasimpe presha. Nikasimama mbele yao nikitafuta pa kuanzia, na kabla sijapata, shemeji akatokea mwisho wa korido, anakuja haraka, kalamu bado iko mkononi, anacheka.

"Nimeshasaini," akasema. "Hata hawakusumbua. Wamesema tunaweza kumchukua hata sasa hivi."

"Si niliwaambia," akasema Dokta Wanga.

Mama mkwe akasimama akaanza kukunjua shuka jipya alilokuja nalo, jeupe, limepigwa pasi na mumewe, mikunjo imenyooka. Nikamshika shemeji bega. Nilitafuta maneno mepesi kuliko yote niliyonayo, yale ambayo hata mtoto anayejifunza kusema anayaelewa. Nikamwambia, "Shemeji, mtoto amekufa. Ulichosaini ni kuchukua mwili."

Alinitazama. Kile kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni. Kisha akageuka, polepole, akamtazama baba yake, amweleze hayo niliyosema yana maana gani.

Dokta Wanga akakohoa, akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge.